Safari ndefu: Hesabu saa za miguu, si za tiketi

MKAZI wa Kau, kijiji kilicho kando ya mto Ozi karibu na Kipini, akipata safari ya New York, jamaa humuuliza: ni mbali kiasi gani? Kutoka Nairobi ni kama kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja, ambayo safari zake zilianzishwa Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Tiketi, hata hivyo, huonyesha saa za mahali. Ndege ikiondoka Nairobi saa sita usiku, hutua New York saa moja au saa mbili asubuhi ya huko, kulingana na majira. Kwa saa ya ukutani ni usiku mmoja tu. Kwa miguu, ni saa 15 za kuketi.

Tena hesabu haianzii Nairobi. Msafiri huyo ameketi garini kupitia Garsen na Malindi hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200, kisha akaketi katika ndege ya Nairobi.

Je, kuketi kuna madhara gani? Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo huibana mishipa kila tupigapo hatua. Mtu akiketi sana, damu hutuama na huweza kuganda. Donge likikatika na kufika mapafuni, laweza kuua.

Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka karibu maradufu baada ya safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi, gari au gari-moshi. Msomaji asiingiwe na hofu: katika safari za ndege za muda huo, hupatwa kama mtu mmoja kati ya 6,000.

Wanaopaswa kujihadhari zaidi ni waja wazito, waliojifungua au kupasuliwa karibuni, wenye saratani, watu wanene, wanaotumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni, na waliowahi kuganda damu. Hao wamwone daktari kabla ya safari. Usimeze aspirini kwa ushauri wa jirani.

Wasafiri wote wafanye haya:

• Simama na utembee kila baada ya saa moja au mbili. Gari likisimama Garsen au Malindi, shuka.

• Ukiwa kitini, inua visigino, kisha vidole, mara kwa mara.

• Kunywa maji ya kutosha na uvae nguo zisizobana.

• Usijaze mizigo mahali pa kunyooshea miguu.

Mguu mmoja ukivimba, ukiuma au kupata joto, hata wiki kadhaa baada ya safari, usiukande wala kuuchua kwa mafuta. Nenda hospitalini, umweleze daktari ulisafiri saa ngapi kwa jumla. Kifua kikiuma, pumzi zikikatika au ukikohoa damu, usingoje kupambazuke.