Kijipande Cheusi cha Nariokotome

Mwaka 1960, wanangu, habari zilifika Ukambani kwamba watafiti Louis na Mary Leakey wanatafuta vijana wa kuchimba mifupa huko Olduvai, Tanganyika. Kuchimba mifupa! Wengi walidhani ni kufukua makaburi, jambo la mwiko. Kijana wa Makueni, Kamoya Kimeu, akaenda.

Alichokuta huko si makaburi, bali visukuku. Mnyama akifa kando ya ziwa, matope yakamfunika kabla fisi hajamtawanya, maji hupenya polepole ndani ya mfupa na kuacha madini katika kila kitundu. Miaka inapita, malaki kwa malaki, umbo linabaki la mfupa lakini limekuwa jiwe. Kisha mvua inakwangua udongo, na kipande kinachungulia.

Kwetu Kitui na Makueni miamba mingi ilipikwa na joto kali chini ya ardhi, haina visukuku. Ndiyo maana Kamoya na mafundi wenzake wa Kikamba walisafiri mbali.

Agosti 1984 kambi yao ilikuwa kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko, lakini Kamoya akatoka kutembea. Kwenye kilima kidogo kilichojaa kokoto nyeusi za volkano akaona kijipande, nacho cheusi, kidogo kama kiberiti. Wewe na mimi tungekikanyaga tukapita. Yeye aliona kwamba ni chembamba na kimepinda kidogo, akajua: hili ni paji la uso, tena la kiumbe mwenye ubongo mkubwa kuliko wa nyani.

Watafiti Richard Leakey na Alan Walker wakaja, udongo ukachekechwa kwa misimu kadhaa. Ikapatikana mifupa zaidi ya 100 ya mvulana mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa bado anakua, na tayari urefu wake ulikaribia sentimita 160.

Dunia inamwita Mvulana wa Turkana. Mimi nataka mjue pia jina la aliyemwona kwanza. Kamoya alifariki Julai 2022. Mwaka mmoja kabla, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimtunuku udaktari wa heshima, yeye ambaye hakwenda mbali shuleni.

Nanyi mkisafiri mkaona jiwe lenye umbo la mfupa, msiling'oe. Wataalamu husoma umri wake kwenye majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Wekeni alama, lipigeni picha, mwambieni mwalimu awaarifu Makumbusho ya Taifa.