Udongo Uwahi Ungali Maji

Wahenga waliosema udongo uwahi ungali maji walimkusudia mfinyanzi, lakini mkulima naye ana fungu lake katika usemi huo. Ardhi ikishachoka, kuirejesha ni kazi ya miaka, si ya msimu mmoja.

Huko Marekani, jimbo la North Dakota, karibu na mji wa Bismarck, yuko mkulima aitwaye Gabe Brown. Yeye na mkewe Shelly walinunua shamba la wakwe zake mwaka 1991. Lilikuwa shamba la nafaka lililopigwa plau mwaka baada ya mwaka, hata mboji iliyosalia udongoni haikufika asilimia 2. Mvua ikinyesha, maji yalikwenda zake juu juu.

Kisha misiba ikamwandama. Mwaka 1995 mvua ya mawe iliiponda ngano yake ikiwa tayari kuvunwa. Mwaka 1996, mawe tena. Mwaka 1997, ukame. Mwaka 1998, mawe kwa mara ya tatu. Madeni yakamfika shingoni, na fedha za mbolea na dawa hana.

Basi, msomaji, dhiki ile ndiyo iliyomfunza. Plau alikuwa ameshaiacha. Sasa mazao yaliyopondwa yakalala shambani, yakaifunika ardhi. Akapanda mimea mchanganyiko, akailisha ng'ombe papo hapo, samadi ikabaki. Alipochimba akakuta unyevu na nyungunyungu ambao hakuwazoea.

Siri yenyewe ni nini? Jembe likipindua udongo, hewa huingia kwa wingi, vijidudu wakaila mboji na kuimaliza upesi. Udongo ukiachwa utulie, umefunikwa, na mizizi hai ndani yake, mizizi hiyo huwalisha vijidudu kwa sukari, nao huzigandisha chembe za udongo pamoja. Baina ya chembe hizo hubaki vinjia, na humo maji huzama. Mimea jamii ya kunde nayo huvuta naitrojeni ya hewani na kuitia ardhini. Katika kitabu chake, Dirt to Soil, kilichotoka mwaka 2018, Brown aeleza kwamba mboji ya mashamba yake imepita asilimia 6, na mbolea ya kiwandani ameiacha.

Kwetu Pwani, hayo si mageni yote. Mama zetu walipanda mahindi na kunde na mbaazi katika konde moja, wala hawakufundishwa na mzungu. Lakini pia tuna kiberiti. Masika yakikaribia, mabua hukusanywa yakatiwa moto, na mvua ya kwanza huikuta ardhi uchi, ikauchukua udongo mpaka baharini.

Najua atakayesema: mabua nikiyaacha, mchwa watayala na mbuzi wa jirani watayamaliza. Ni kweli, na majirani hawana budi kupatana. Palizi nayo huwa nzito miaka ya mwanzo, na mwenye ekari mbili hawezi kubahatisha chakula cha wanawe. Basi na aanze na kipande kidogo, akilinganishe na kingine kwa misimu kadhaa, macho yake yahukumu.

Shamba la urithi hugawanywa kwa haki, kila mmoja na fungu lake. Lakini kabla ya kuhesabu mafungu, yafaa mzee ajiulize: nawaachia wanangu udongo, au nawaachia mipaka tu?