Maelezo Kuhusu Kamera za Mtego Kabla ya Msimu wa Uwindaji Nachingwea na Ruangwa

Msimu wa uwindaji halali katika Tanzania Bara hufunguliwa tarehe 1 Julai. Katika Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, wiki zinazotangulia tarehe hiyo zinafaa kwa kuchunguza wanyamapori, kwa kuwa mvua huwa zimekwisha na wanyama huanza kufuata madimbwi machache yaliyobaki. Kwa kazi hiyo hutumika kamera za mtego. Maelezo haya yanawahusu watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanaokwenda huko kwa kazi, biashara au kutembelea jamaa, ili wafahamu chombo hicho kinaonesha nini, na kwamba hakimpi mtu ruhusa yoyote.

Namna inavyofanya kazi

Kamera ya mtego hufungwa kwenye mti na kuachwa bila mtu. Ndani yake mna kifaa kinachohisi joto la mwili wa mnyama anapopita; papo hapo picha hupigwa na kuandikwa tarehe na saa. Hufungwa usawa wa goti au paja, kando ya njia ya wanyama au karibu na maji. Isielekezwe mawio wala machweo. Majani marefu mbele yake yafyekwe, kwani yakipata joto la jua na kutikiswa na upepo huifanya kamera ipige mamia ya picha zisizo na mnyama.

Fikra hii si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za simba usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kwa kutega uzi uliofyatua kamera na taa ya mwako. Mwaka 2005 kamera za mtego zilinasa katika milima ya Udzungwa picha za sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye mwaka 2008 alitangazwa kuwa ni aina mpya kwa sayansi. Hapa Unguja, kamera zilizowekwa katika msitu wa Jozani zilitoa picha za kwanza za kanu wa Unguja, zilizochapishwa mwaka 2003.

Picha inathibitisha nini

Picha inathibitisha kuwa mnyama alipita mahali fulani, saa fulani. Haithibitishi idadi. Nguruwe pori mmoja aweza kupigwa picha 20 kwa usiku mmoja, na mtazamaji akadhani ni kundi. Chui hutofautishwa kwa madoa yake, ambayo hayafanani kwa chui wawili. Nguruwe hana alama kama hizo. Vilevile, kukosekana kwa picha si ushahidi kuwa mnyama hayupo.

Faida kubwa kwa mwindaji halali ni kujua jinsia na umri wa mnyama kabla ya kuinua bunduki. Kanuni za Tanzania Bara zinataka simba dume anayewindwa awe ametimiza miaka 6, kwa sababu kumuua dume kijana huvuruga familia na watoto wake huuawa na dume mgeni. Rangi ya pua, ambayo huwa nyeusi kadiri simba anavyozeeka, huweza kuonekana katika picha nzuri.

Sheria

Sheria Na. 10 ya mwaka 1996 ya misitu ni ya Zanzibar. Uwindaji huko Lindi unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ya Tanzania Bara. Kwa hiyo kibali cha Unguja au Pemba hakitumiki huko. Kuingia katika pori la akiba bila idhini ni kosa, hata kama mtu amebeba kamera tu. Utafiti unahitaji kibali maalumu. Kuwinda usiku kumekatazwa, ingawa kamera huonesha kuwa wanyama wengi hutembea wakati huo.

Sehemu kubwa ya wilaya hizi mbili ni ardhi ya vijiji, yenye mashamba ya korosho na ufuta. Anayetaka kufunga kamera humo aanze kwa Halmashauri ya Kijiji, na wanakijiji waarifiwe, kwa kuwa kamera humpiga picha pia mtu anayekwenda kuteka maji au kutafuta kuni.

Tahadhari kuhusu tembo

Upande wa magharibi, kupitia Liwale, maeneo haya yanapakana na ukanda wa Selous. Hesabu ya mwaka 2013 katika Selous na Mikumi ilikuta tembo wapatao 13,000, ilhali mwaka 1976 walikadiriwa kuzidi 100,000. Wengi waliuawa kwa ajili ya pembe. Hivyo picha inayoonesha tembo, pamoja na mahali na saa, ni taarifa ya hatari ikiangukia mikononi mwa jangili. Isisambazwe.

Kwa mkulima ambaye shamba lake huvamiwa, picha hiyo hiyo ina manufaa: inaonesha tembo huingilia wapi na saa ngapi. Ipelekwe kwa uongozi wa kijiji na kwa Ofisa Wanyamapori wa Wilaya, ambao ndio wenye wajibu wa kuchukua hatua.