Baridi Huanzia Kwenye Mteremko

Tarehe 5 Juni 1988, katika mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia, Mholanzi Johan van der Velde alikuwa wa kwanza kufika juu ya njia ya mlimani ya Gavia, mita 2,621, akiwa na jezi ya mikono mifupi huku theluji ikianguka. Kilomita chache tu za kuteremka zilimshinda. Ilibidi asimame, ajisitiri mahali apate joto, na siku hiyo akamaliza zaidi ya dakika 45 nyuma ya mshindi.

Endabash, wilayani Karatu, Tanzania, hakuna theluji, ila hesabu iliyomshinda Mholanzi yule inafanya kazi hata huku. Mji wa Karatu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6 na nusu. Tena Tamasha la Michezo la Karatu, lenye mbio za baiskeli ndani yake, huangukia Desemba, mvua za vuli zikiwa bado hazijaaga.

Anayepanda mlima kwa bidii huweza kusukuma pedali kwa nguvu ya wati 200. Lakini misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa mwendo. Iliyobaki, kama wati 600, hutoka kuwa joto. Ndiyo maana mtu hutokwa jasho kwenye mvua na kujiona yuko salama. Akifika juu anaacha kukanyaga. Joto linashuka hadi kama wati 100, na papo hapo baiskeli inashika kilomita 50 kwa saa, yaani upepo wa mita 14 kila sekunde juu ya nguo iliyolowa. Kila lita ya maji inayokauka mwilini huondoka na kilojuli 2,400 hivi. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, ulimi unakuwa mzito na akili inachelewa. Ila vidole hufa ganzi mapema zaidi, na vidole ndivyo vinavyoshika breki.

Hapo fulana ya pamba, ile ile ambayo waandaaji hupenda kuigawa bure, ni adui: hunywa maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Sweta jepesi la sufu hutunza joto hata likilowa. Koti la mvua livaliwe juu kabisa, kabla ya kuteremka, siyo baada ya kuanza kutetemeka, na kabla ya kulivaa mtu ale kitu. Kutetemeka nako kunachoma sukari ya mwili.

Sasa breki. Baiskeli nyingi za vijijini zina ringi za chuma zilizopakwa kromu, na breki za mpira. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba ringi za namna hiyo zikilowa, msuguano unaweza kushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa pakavu. Gurudumu lazima lizunguke mara kadhaa mpira uyafute maji kwanza ndipo breki zishike. Kwa hiyo breki ziguswe kidogo kidogo mapema, kabla kona haijaonekana. Udongo mwekundu wa Karatu nao hujaa kwenye madigadi mpaka tairi ligome. Wakati wa mvua wengine huyafungua kabisa, na sioni kosa lao.

Korongo likijaa, shuka usubiri. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, na maji ya matope hayaonyeshi kina chake. Radi haihitaji maneno mengi: ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, iko ndani ya kilomita 10. Jengo au gari lililofungwa vioo ndiyo kimbilio; mti uliosimama peke yake shambani hapana.

Mpandaji akichoka na kupoa hawezi kuamua vizuri, hivyo uamuzi wa kusimamisha mbio uwe wa waandaaji. Huko Gansu, China, Mei 2021, wakimbiaji 21 walikufa kwa baridi kwenye mbio za milimani za kilomita 100, mvua na upepo mkali vilipowakuta juu. Septemba 2024 Zurich, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli, msichana wa Uswisi wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka msituni siku ya mvua na kulala huko muda mrefu bila mtu kujua. Alifariki kesho yake. Na hilo la Zurich lilitokea katika nchi tajiri.

Kwa Endabash haihitajiki mitambo. Kila kituo kiwe na karani anayeandika namba zinazopita na kuzilinganisha kwa simu na kituo kilichotangulia. Mabondeni, ambako mtandao haushiki, bodaboda mmoja abebe orodha huku na huko, akiwa na blanketi kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji na chupa ya chai ya moto yenye sukari nyingi.