Kiambato Kidogo Kinacholinda Betri ya Zinki

Betri ya tochi ikiisha tunaitupa. Ndani yake mna zinki, madini yaleyale yanayopakwa kwenye mabati ili yasishike kutu. Mwaka 1800 Alessandro Volta, Mkatoliki wa Como, Italia, alitumia zinki na maji ya chumvi kutengeneza betri ya kwanza. Mbona basi hadi leo si rahisi kuichaji upya betri ya namna hiyo?

Inapotumika, zinki huyeyuka na kuwa ioni zinazoingia katika elektroliti, yaani kimiminika kilicho ndani ya betri. Tunapochaji, ioni hurudi na kuganda tena kwenye bamba la zinki. Shida iko katika kurudi huko. Ioni hupenda kuganda pale palipokwisha kuinuka, na haba na haba vinundu hurefuka kama miiba. Siku moja mwiba hutoboa utando unaotenganisha pande mbili, betri ikapiga shoti. Isitoshe, maji nayo huila zinki na kutoa gesi ya haidrojeni, hata betri ikavimba.

Hapo ndipo viambato vya kuongeza katika elektroliti vinapohitajika. Mfano ni glukosi, sukari tunayoifahamu. Kwa kawaida kila ioni ya zinki husafiri ikiwa imezungukwa na molekuli 6 za maji. Glukosi huchukua nafasi ya baadhi ya maji hayo, na pia hunata juu ya bamba. Hivyo maji machache hufika kwenye zinki, na ioni huganda kwa usawa zaidi.

Upande wa pili wa betri mara nyingi huwa na oksidi ya manganizi, ambayo nayo huyeyuka na kupotea taratibu. Mwaka 2016 watafiti wa Pacific Northwest National Laboratory, Marekani, walitangulia kutia chumvi ya manganizi katika elektroliti. Kwa kuwa manganizi ilikwisha kuwamo, ile ya kwenye betri haikuyeyuka ovyo. Betri hiyo ilibaki na asilimia 92 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa na kutumika mara 5,000.

Kipimo ni muhimu. Kiambato kikizidi, ioni hupita kwa shida na betri hupoteza nguvu. Tena, betri ndogo ya maabara si sawa na betri kubwa ya kuwasha taa za kigango usiku kucha.

Hata hivyo, juhudi hii inatuhusu. Elektroliti ya maji haishiki moto kama vimiminika vya betri za lithiamu, na zinki ni ya bei nafuu. Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alitualika kuitunza nyumba yetu ya pamoja. Betri inayodumu ni takataka chache zaidi katika nyumba hiyo, na ni mwanga kwa familia isiyo na umeme.