Jamaa wa Ushahidi: ukigawa programu bure, unakula nini?

Kila nikitaja programu huria kwa vijana wa hapa Ifakara, swali ni lilelile: "Kaka, mtu katengeneza programu, kaigawa bwerere, sasa yeye anakula nini?" Swali la haki kabisa, maana hela ya kafe hailipwi kwa sifa. Leo nalijibu kwa kumtumia Mkenya mmoja anayeitwa David Kobia.

Kenya ilipoingia kwenye uchaguzi wa 27 Desemba 2007, Kobia alikuwa anaishi Birmingham, jimbo la Alabama, Marekani. Ni mwandika programu, na alikuwa anaendesha Mashada, jukwaa la mtandaoni ambalo Wakenya wengi walikutana kupiga soga. Matokeo yakagombaniwa, watu wakaanza kuchinjana mitaani, na matusi ya kikabila yakahamia Mashada. Januari 2008 akalifunga jukwaa lake mwenyewe. Hebu fikiria, unafunga duka ulilojenga kwa miaka kwa sababu wateja wamegeuka!

Mwezi huohuo, tarehe 3, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha wapi kumetokea nini, kwani habari nyingi zilikuwa hazitangazwi. Kobia na Erik Hersman wakaitika, Juliana Rotich naye akawemo. Ndani ya siku chache tovuti ikawa hewani. Wakaiita Ushahidi, Kiswahili safi.

Inavyofanya kazi siyo uchawi. Mtu aliyeona tukio anatuma SMS au anajaza fomu kwenye tovuti. Msimamizi anasoma, anahakiki kadiri anavyoweza, kisha alama inatokea kwenye ramani. Basi. Vurugu zile ziliua watu zaidi ya 1,100, na ramani ile haikuzizuia. Ilichofanya ni kuweka kumbukumbu mahali ambapo kila mtu aliweza kuiona.

Sasa tuje kwenye mshiko.

Watu wa nchi nyingine walipoiona waliitaka. Hapo jamaa wangeweza kuifungia na kuuza nakala mojamoja. Badala yake waliiandika upya na kuuachia msimbo wote, yaani yale maandishi yenyewe ya programu, ili yeyote auchukue na kuubadilisha. Mei 2008 wakashinda dola 25,000 kwenye mashindano ya NetSquared. Baadaye mwaka huo Humanity United wakawapa dola 200,000, na Desemba 2009 Omidyar Network wakaahidi dola milioni 1.4. Kumbuka kwamba hakuna nakala hata moja iliyouzwa!

Kwa nini watoe hela zote hizo? Angalia Haiti. Tetemeko lilipiga 12 Januari 2010, na ramani ya Ushahidi ilianza siku ileile, ikisukumwa na Patrick Meier na wanafunzi wa kujitolea kule Boston. Wajapani nao waliitumia baada ya tsunami ya Machi 2011. Hakuna aliyehitaji kusubiri bei wala mkataba. Kila walioichukua waliitangaza bila kulipwa, na jina la walioiandika likapanda. Mwaka 2010 jarida la Technology Review likamtaja Kobia kuwa mtetezi wa utu wa mwaka kwenye orodha yake ya wabunifu vijana.

Kwa hiyo kinachouzwa ni ufundi. Kutumia programu ni bure, lakini shirika lenye haraka halina muda wa kuhangaika na seva, linataka iwekwe tayari, iongezewe hiki na kile, watu wake wafundishwe. Hapo unalipwa. Ni kama fundi baiskeli wa hapa kwetu: hakuuzii baiskeli, ila mnyororo ukikatika unajua pa kwenda.

Lakini tusidanganyane. Sehemu kubwa ya hela ya Ushahidi ilitoka kwa wafadhili, na mfadhili akikohoa wewe unaumwa mafua. Nadhani wenyewe waliliona hilo. Mwaka 2010 walianzisha iHub pale Nairobi, na mwaka 2013 wakaingia kwenye kitu cha kushikika kinachouzwa: BRCK, kifaa cha intaneti kinachovumilia umeme kukatika, walichokichangisha zaidi ya dola 170,000 kupitia Kickstarter. Ushahidi yenyewe haikufa. Uongozi wake ulikuja kushikwa na Angela Oduor Lungati, naye Mkenya.

Sisi wa Kilombero tunaujua Mto Lumemo ukifurika: mtaa huu maji kiunoni, mtaa wa pili watu hawana habari. Msimbo wa Ushahidi upo mtandaoni, kuupakua ni bure. Leseni yake inasema ukiubadilisha na kuwahudumia watu kwa mtandao, mabadiliko yako nayo uyaweke wazi. Kitu kigumu ni kupata watu wawili watatu wa kukaa macho usiku kusoma meseji na kupiga simu kuhakikisha siyo uzushi. Hiyo programu haikufanyii.

Nani yuko tayari kukaa zamu? Mwageni maoni hapo chini. Nawakilisha.