Mzazi avukaye Likoni na mtoto mchanga abebe nini?

Kivuko cha Likoni kina upana wa takriban nusu kilomita, na feri hukivuka kwa dakika chache. Kinachomchosha mzazi mwenye mtoto mchanga ni kule kusubiri: jua, joto na msukumano langoni.

Kigari cha mtoto heri kibaki nyumbani. Kwenye mteremko wa kuingilia feri, magurudumu ni hatari, na katika umati mtoto huwa usawa wa magoti ya watu. Leso au mbeleko yafaa zaidi. Abebwe kifuani ili mama auone uso wake, na fundo liwe la kufunguka upesi.

Mfuko uwe mmoja, wa begani: nepi mbili, leso ya pili ya kumtilia kivuli, na maji ya mama. Mtoto anyonyaye asiyetimiza miezi 6 hahitaji maji. Maziwa ya mama yamtosha.

Mkono mmoja ubaki mtupu. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe iliyojaa kupita kiasi ilipinduka, watu 272 wakafa. Mnamo Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka MV Harambee, mama na bintiye wakaangamia.

Kwa hivyo, abiria wa garini ashushe madirisha na kumpakata mtoto. Aendaye kwa miguu ajue maboya yalipo. Feri ikifurika, asubiri nyingine. Kuchelewa si hasara.